Daye, Tumevua Nyeusi

Daye,

Ni Jumapili mchana. Tumetoka kanisani, mtoto amelala mdomo wazi kama mlevi wa mwisho wa mwezi, na Baba Neema amemchukua Neema wakaangalie meli zikiingia bandarini. Nimepata kanafasi. Vyombo viko kwenye sinki vinanitazama. Vitazame tu.

Sijui barua ya mtu aliye kaburini inapitia wapi. Nikimwuliza pasta atanipa mahubiri, na yule imamu aliyekuzika ataona nimechanganyikiwa. Basi naandika hivyohivyo, kwa Kiswahili, maana ndicho ulichookota kwetu kwenye korido ya maduka ukakifanya chako, na Kikurdi changu, ukiacha kukuita Daye, yaani mama, bado ni cha kuomba chumvi na kuamkia watu. Nina habari, na habari hii ilikuwa yako kabla ya kuwa ya mtu mwingine: Papa Karim, mzee wako, amevua nyeusi. Amenyoa ndevu zote. Mimi pia nimevua. Na aliyekuja kututoa, Daye, shika kitu usianguke, ni Maman Chantal.

Ndiyo. Huyohuyo wa saluni.

Najua hutaamini mpaka nianze mbali, basi naanza mbali.

Siku ulipotuacha, Waislamu wa msikiti wa kule sokoni walikuja upesi. Wamama wakakuosha, wanaume wakakubeba, na kabla jua halijazama ulikuwa umeshalala kwenye udongo wa Durban, mbali na mlima wenu. Mimi nilibaki nje ya geti la makaburi na tumbo langu. Huyu anayekoroma hapa hukumwona. Ni msichana. Ana viganja vikubwa, ungesema ni vya kukanda unga. Maman Chantal hakuja kukuzika. Alifunga saluni asubuhi ile, akawaambia wateja umeme umekatika. Umeme ulikuwepo.

Papa Karim alivaa shati jeusi siku ile na hakulivua. Nadhani yalikuwa mawili, moja likifuliwa anavaa jingine, lakini kwa macho yetu lilikuwa lilelile. Kila asubuhi alikuja dukani, akapandisha mlango wa bati nusu, akakaa. Wala hakukaa kwenye kiti chake cha kurekebishia mazulia. Alikaa kwenye stuli yako, mbele ya cherehani yako, akiangalia ukuta. Wateja waliinama chini ya mlango, wakaona ndevu zimefika kifuani, wakarudi walikotoka. Mazulia ya watu yalikaa yamekunjwa pembeni mpaka panya wakaanza kuyajadili. Neema akienda kumsalimia babu yake, "Bapir! Bapir!" kama ulivyomfundisha, anapewa kipande cha sukari na kurudishwa.

Binti yenu Shilan akawa ananipigia simu kutoka Sweden. "Amekula? Amesema nini?" Amekula kidogo, hajasema kitu. Mwaka ulipotimia akalia kwenye simu. "Furaha, kwetu Sine wangeshakuja kumtoa. Majirani wangekuja, wazee wangekuja. Huko Durban nani atakuja? Nikimwacha hivi atakufa amekaa." Akasema mwezi wa sita anakuja kumchukua. Nilipomfikishia Papa Karim ujumbe, alitoa maneno marefu kuliko yote ya mwaka ule: "Niende nikafe nikiangalia theluji isiyo ya kwetu."

Hapo nikajua jambo hili limeniangukia mimi. Katika korido yote, ni mimi peke yangu niliyejua maana ya kumtoa mtu kwenye nyeusi. Nilijua kwa sababu ulishanitoa.

Nacheka nikiandika. Unakumbuka? Nilikuwa mgeni kwa Maman Chantal, nasuka kutwa nzima nimesimama, Neema mgongoni. Iniforme yetu wakati ule ilikuwa tisheti nyeusi na suruali nyeusi, ili rangi ya nywele ikimwagika isionekane. Nilivaa hiyo kila siku, hata siku za kupumzika, kwa kuwa sikuwa na nguo za kuchagua. Na wewe ng'ambo ya korido, nyuma ya cherehani, ulikuwa unanihesabia msiba. Ulikuja kuniambia baadaye ulivyokuwa unamsumbua Papa Karim: "Msichana wa watu yuko kwenye nyeusi mwaka mzima na hakuna hata mtu mmoja aliyekwenda kumtoa! Hawa Wakongo ni watu wa namna gani?"

Kwenu mfiwa hajivui nyeusi mwenyewe. Atavaa mpaka watu waje. Wanakuja kabla ya Newroz, mwaka mpya wenu, ili asiingie mwaka na giza mwilini. Wanakuja na nguo za rangi na sahani ya peremende, mwanamume ananyolewa, mwanamke anachanwa, wanamwambia basi, yatosha. Kwa hiyo wiki ile ya Newroz ukavuka korido pamoja na yule mama wa Kihindi aliyekuwa anauza vitambaa, kwa sababu kazi hiyo haiendewi na mtu mmoja. Mkononi gauni jekundu la kwenu, lile la mikono mirefu inayofungwa nyuma ya shingo. Mkaingia saluni imejaa, wateja wako chini ya mashine za kukaushia, ukanishika kidevu mbele ya wote. "Furaha gyan, mpenzi wangu, yatosha. Aliyekufa ameshaona."

Na Maman Chantal: "Eh! Eh! Mama! Hiyo iko iniforme yangu! Unavulisha wafanyakazi wangu nguo mbele ya wateja? Iko nini hapa, teatro?"

Saluni nzima ikalipuka kwa kicheko. Hata yule mama wa Kihindi alijifunika mdomo. Wewe ukabaki umesimama na gauni lako, hujaelewa. Mimi nikaanza kulia, Daye, nikalia mpaka Neema mgongoni naye akalia. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki Uvira miezi kadhaa kabla. Simu ilinikuta katikati ya kichwa cha mteja. Nilimalizia kile kichwa. Sikuwa na njia ya kwenda kuzika, na pale saluni sikumwambia mtu, kwa sababu ukisema watu watakuuliza, na wakikuuliza utaanguka, na ukianguka nani atasuka? Ulikosea nguo. Msiba hukuukosea.

Nililivaa lile gauni palepale juu ya suruali, na wiki nzima nikakataa kurudia nyeusi. Maman Chantal akasema yule mama wa mazulia anataka kumharibia saluni. Wewe ukasema mwanamke mkaidi yule, mfanyakazi wake amefiwa na yeye anawaza rangi ya tisheti. Basi. Tangu siku ile mkawa mnapishana koridoni kama magari mawili kwenye robot, taa za barabarani, iliyozimika, kila mmoja anangoja mwenzake aanze. Hakuna aliyeanza. Alibadilisha iniforme ikawa zambarau, hilo uliliona, lakini salamu hakutoa. Na kalane yako, ule mkate wenu wa majani, hata ilivyonukia mpaka kwa walinzi wa getini, yeye alifunga mlango wa saluni akawasha feni.

Wakati huo mimi ndiyo kwanza nilikuwa nahamia kwako. Siku ambazo saluni haina watu nilikaa miguuni pako nikajifunza kupinda suruali, kubadilisha zipu, kushona kitu kikatoka kama hakijashonwa. Na ulikuwa hushoni kimya. Ndiyo maana leo mji wako naujua. Sine, ambao ramani inauita Sanandaj, huko Kurdistani upande wa Irani: sijakanyaga, lakini ukinishusha pale asubuhi nitafika kwenu bila kuuliza njia. Naanzia katikati ya mji, kwenye kile kilima cha ngome ya watawala wa zamani, ngome iliyoupa mji jina. Nashuka sokoni. Napita uchochoro wa maseremala wanaochonga mbao za mchezo wa nardi, unanuka mjozi. Napita mtaa ambao zamani Wayahudi walikuwa na nyumba zao, na kanisa la Wakristo haliko mbali, na wengi walipokwisha kuhama, nyumba moja baada ya nyingine, mama yako aliendelea kuziita nyumba zile kwa majina ya waliokwenda. "Nenda kwa fulani ukachote maji," na fulani hayupo miaka na miaka. Kisha napandisha, napandisha, mlima Awyer uko mbele yangu, na mlango wenu ndio ule wa bluu.

Najua kwamba theluji ikianguka wanaume wanapanda juu ya mapaa kuisukuma chini, na aliye njiani akimbie. Najua madarweshi wenye nywele ndefu wanaopiga dufu mpaka pete zake za chuma zilie kama mvua. Najua kilimu za kwenu, mazulia mepesi hadi unayakunja kama shuka. Najua shuleni mlisomeshwa kwa Kiajemi, Kikurdi kilikuwa cha uani, na mwalimu akitokea mnakizima mdomoni kama mtu anayeficha sigara. Nikakuambia kwetu Uvira ilikuwa hivyohivyo na Kifaransa. Ukaacha kushona ukanitazama. Na najua siku za vita, ndege zilipokuja, watu walipokimbilia mlimani na mablanketi, mama yako alipanda na beseni la unga uliokwisha kuumuka. Watu wanamlaumu njiani, yeye anajibu, "Ndege itule sisi, na unga nao uharibike?" Akawaokea wote huko juu, juu ya bati. Nikichoka sana, Daye, miguu imevimba, mtoto analia, lifti ya flati imekufa tena na mimi niko ngazi ya tano na mifuko, namfikiria yule mama na beseni lake. Napanda.

Basi wiki ya Newroz ya mwaka huu nikajiandaa. Ile Newroz yenu inayokuja Durban kinyumenyume, kwenu maua yanafunguka na huku joto ndiyo linaaga. Nikatafuta shati la bluu, nikanunua peremende, nikamchukua Désiré, yule kinyozi wetu Mrundi, na mashine yake. Nikainama chini ya mlango wa bati.

Papa Karim hakukasirika. Alitumiminia chai, akaweka sukari yake katikati ya meno kama kawaida, akauliza meno ya mtoto. Akasikiliza yote niliyojifunza kusema. Halafu akaweka kikombe chini.

"Dast khosh, Furaha gyan. Mkono wako uwe mzima. Lakini wewe hapana."

"Kwa sababu mimi ni mwanamke, Papa? Kwa sababu mimi ni Mkristo?"

"Kwa sababu uko ndani. Mlango wa msiba unafunguliwa kwa nje. Wewe ni mtoto wa nyumba hii. Jitazame."

Nikajitazama. Sketi nyeusi. Blauzi nyeusi. Kitambaa cha kichwa cheusi. Hata saluni, wote wamevaa zambarau, mimi juu ya yangu nilikuwa navaa sweta jeusi, kwenye joto lile. Nilikuwa najiambia ni kwa vile nina mtoto mchanga na sina muda wa kuchagua nguo. Désiré akakohoa. "Dada, mimi nilidhani unajua," akasema. Watu wote walidhani najua.

Nilitoka pale nimekasirika, sikufichi. Nimekasirikia desturi yako. Desturi gani hii ya kumfunga mzee wa watu halafu funguo ziko nje, na nje hakuna mtu? Nikaanza kutafuta. Yule mama wa Kihindi alishahamia Johannesburg kwa mwanawe. Watu wa msikiti ni wema, lakini wangekuja kama wanaotimiza kazi, hawamjui. Nikamwambia Baba Neema aende, akacheka: "Mimi niliyekula kalane ya Daye mpaka nikaambiwa nibakishe? Mimi niko ndani kuliko wewe." Na ndivyo ilivyokuwa, kila niliyemgusa yuko ndani. Mlinzi wa geti alikula kwako. Désiré alikula kwako. Hata yule muuza simu mbahili asiyesalimia mtu, ulimpelekea sahani ya dolma, ule wali wa kufungwa kwenye majani, mwaka ule ulipokosa majani ya mzabibu ukatumia majani ya madumbe, yale magimbi ya huku, na sote tukawashwa koo siku mbili, naye akiwemo. Katika korido nzima alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hajawahi kutia kitu chako mdomoni.

Nilimkuta anachana wigi juu ya kile kichwa cha plastiki. Nikamweleza yote, haraka, kabla ujasiri haujakwisha.

"Mimi?" akasema. "Mimi Chantal niende kwa ule mzee? Bibi yake aliniita mchawi."

"Hakukuita mchawi, Maman. Alikuita mkaidi."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja," Désiré akadakia kutoka kwenye kiti chake, "mchawi analipwa."

"Weye funga kinywa, fagia nywele!" Akaendelea kuchana lile wigi. Alilichana mpaka nikalihurumia. Kisha akasema, hanitazami, anatazama kioo: "Sikumzika yule mama."

"Najua."

"Umeme haukukatika."

"Najua, Maman."

"Eish. Kumbe wote munajua." Akaweka kitana. "Alikuja humu ndani yangu, mbele ya watu, kuonyesha kama mfanyakazi wangu alifiwa na mimi sikuona. Mimi niliyekuwa naona weye kila siku, kutoka asubuhi. Yeye wa ng'ambo ndiye aliona. Unajua vile inauma?"

Sikujua, Daye. Hata wewe hukujua, nafikiri. Tulidhani ni tisheti.

Akafuta mikono. "Anavaa namba gani, ule mzee?"

Alikuja Ijumaa, kabla ya Newroz, na wasichana wawili wa saluni nyuma yake ili asiwe peke yake. Hakuinama chini ya mlango wa bati. Aliushika akausukuma juu wote, ukapiga kelele koridoni nzima, jua la mlangoni likaingia mpaka kwenye cherehani. Mkononi ana shati. Na shati lenyewe, Mungu wangu. Maua makubwa mekundu na kijani, la kuvaa watalii kule ufukweni. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikuwa nimemfundisha maneno yako kwa siku mbili, yakamtoka yote kichwani. Akasema ya kwake.

"Papa, mimi na bibi yako hatukuwa tunasalimiana. Sikukula kwake hata kipande. Sikumzika. Hapa kwenye korido mimi ndiye wa nje, wa nje kabisa, hakuna wa kunishinda. Basi nimekuja. Ule mama ameshaona vile unamlilia. Yatosha. Toka."

Papa Karim alimtazama. Kisha akasimama, mikono pembeni, kama mtoto anayengoja kuvalishwa. Maman Chantal mwenyewe akamfungua kifungo cha juu cha lile shati jeusi, kimoja tu, kwa adabu, akamwachia vingine. Akanigeukia mimi. "Na weye toa hiyo kitu. Unafukuza wateja."

Nikatoa sweta. Nikafungua kitambaa. Mmoja wa wasichana akanichana palepale nimesimama, kwa nguvu, vile wanavyochana wasukaji. Désiré akamkalisha Papa Karim kwenye kiti chake mwenyewe cha kazi, siyo stuli yako, akawasha mashine. Mzee alikuwa analia na Désiré alikuwa anamsimulia mpira, nani amefunga, refa gani mwizi, bila kusimama hata kidogo, na alikuwa anafuta machozi na nywele kwa taulo moja kama ni kazi ya kila siku. Kinyozi huyu anatania kila kitu, lakini siku ile nilimheshimu. Ndevu zilipokwisha ukatokea uso mdogo, wa mtu ambaye sijamwona mwaka mzima.

Kalane niliioka mimi. Mara yangu ya kwanza bila wewe nyuma yangu. Majani ya kule mlimani kwenu hayapo, nilitumia vitunguu vya majani vya sokoni, na mbili zilipasuka nikazikunja upande wa ubaya ndani. Nikampa Maman Chantal ya kwanza, siagi inatiririka. Akatazama, akanusa, akala. Akala yote. Akanyoosha mkono kwa nyingine.

"Sasa," Papa Karim akasema, na ile sauti ilikuwa na kutu, "na wewe umeingia ndani."

Maman Chantal, mdomo umejaa: "Basi siku nyingine mutafute wa nje mwingine."

Akacheka, Daye. Papa Karim akacheka mpaka akashika cherehani. Kisha akatoa leso mfukoni, akatoka nayo koridoni akiwa ndani ya shati lile la maua, akaizungusha hewani vile anavyofanya kiongozi wa ngoma kwenye harusi za kwenu, akanishika mkono. Mimi nikamshika Maman Chantal. Yeye akamshika msichana, msichana akamshika mteja aliyetoka saluni na nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama. Bega kwa bega, mbele mbili, nyuma moja, goti chini. Mlinzi wa geti akaja kuona kelele ni za nini, akasema "Hhayi bo!" akajiunga mwishoni. Tulikuwa tunakosea wote isipokuwa mmoja. Simu yangu ilikuwa inamwonyesha Shilan, nimeiegemeza kwenye kopo la nyuzi. Kwanza alikuwa anaangalia uso wa baba yake. Halafu nikasikia: "Baba, hilo shati!"

Mwezi wa sita anakuja. Anakuja kututembelea. Tiketi ya kurudi ni ya mtu mmoja.

Papa Karim amerudi kwenye mazulia. Asubuhi anakaa kwenye kiti chake, na stuli yako amenipa mimi, nimekubali. Nasuka siku tatu na nashona siku zilizobaki. Maman Chantal amenuna kidogo, lakini ni kununa kwa mtu anayeagiza kalane. Neema anajifunza kuhesabu kwa Kikurdi, na Papa Karim anamwambia habari za mji akirekebisha pale nilipokosea mimi. Eti mlango wenu ulikuwa wa kijani. Mimi nabaki na bluu. Ulisema bluu.

Sasa nikuambie neno la mwisho, kwa upole lakini nikuambie. Niliogopa kwamba nikivua nitakuwa nimekuacha. Haikuwa hivyo. Nilipokuwa kwenye nyeusi nilikuwa nakumbuka kifo chako tu. Nilipovua, ukarudi wewe: vicheko vyako, sindano midomoni, ulivyokuwa ukinipiga kidole nikishona mshono mrefu wa uvivu. Sitakulilia tena kila siku. Nitakulilia nikipata nafasi, kama mama mwenye watoto wawili.

Ile flati iliyo chini yetu, hapa Albert Park, amehamia mama mmoja wa Kizulu. Mjane. Amevaa nyeusi tangu alipofika, tunakutana kwenye ngazi, tunasalimiana "sawubona" tu, kila mtu na mifuko yake. Jina lake silijui vizuri. Kwake sijala, kwangu hajala. Ana ndugu zake na desturi zake, na siku yake ikifika watakuja wao wamtoe wanavyojua, sitaingilia. Lakini wasipokuja, Daye, nakuahidi mimi nitashuka. Nitapiga hodi. Wa nje kwake ni mimi.

Mtoto ameamka. Ananitazama, ana njaa, na anataka sasa hivi.

Pumzika, Daye gyan. Huku tuko wazima.

Mtoto wako,
Furaha